Kaveke Hayupo Nyumbani

Karani alikuwa ameshaandika "mume" kabla Katunge hajafungua mdomo.

"Jina lake?"

"Aliyenioa anaitwa Kaveke. Kaveke Mutie."

Karani akalitangulizia jina hilo "Bwana", kwa mwandiko safi wa mtu asiyependa kusumbuliwa. Foleni ilikuwa imefika nje ya korti. Katunge alitaka kusema neno, akalimeza. Aliogopa kwamba akieleza sana watamrudisha kwa wazee wa ukoo, na wazee walishakaa mara mbili kuhusu hiyo talaka yake wakamwambia avumilie tu, kana kwamba mkono uliovunjwa ulikuwa wao.

"Ndoa ya kanisa?"

"Ya kimila. Alileta mbuzi kwetu Kabati, akanipeleka kwake Ikutha."

"Anakunywa?"

"Pombe hagusi. Ni mtu wa kanisa."

"Sasa anakupigia nini?"

Katunge alikunja mkono wa sweta. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya, na mkono wote ulielekea upande.

"Nimezaa wasichana wawili. Anasema alinioa nimpe kijana wa kurithi shamba. Amesema nikiendelea na hii talaka atanimaliza. Na mimi namjua, hatanii."

Hakimu alisoma ripoti ya daktari, akatoa amri siku hiyohiyo: Bwana Kaveke Mutie asimkaribie Katunge, asimguse, asimtumie mtu. Kilichobaki ni kumkabidhi karatasi mkononi. Kazi hiyo akapewa Konstebo Gabow, mtu mstaarabu aliyehamishiwa Kitui kutoka Wajir miezi miwili tu iliyopita.

Siku tatu Katunge alikaa kwa dada yake akishtuka kila geti lilipogongwa. Ya nne akaitwa kortini. Alifika mapema, akaonyeshwa chumba kidogo cha nyuma ambako Gabow alikuwa akimngoja.

Gabow aliweka bahasha mezani. Ilikuwa na karatasi ileile.

"Kaveke hayupo, mama. Nimetafuta boma yote. Hakuna mwanamume anaishi pale, hata kiatu chake sikuona. Nimeambiwa alitorokea Mombasa."

"Nani amekuambia?"

"Yule mama mzee wa pale. Yuko peke yake na watoto wako, maskini. Alinipa maziwa, na nilipomwambia habari ya mkono wako akalia sana." Gabow alitabasamu, akifurahi kwamba angalau alikuwa na jambo moja jema la kumletea. "Akaniomba lifti aje akuone mwenyewe. Mtu wa umri ule ningemkatalia aje? Njia nzima amepakata kiondo chake, hataki hata nimsaidie kukibeba. Yuko hapo nje."

Katunge alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Funga huo mlango, afande," alisema. "Hakujaliwa kuzaa, ndiyo akanioa kwa mila yetu, mwanamke kwa mwanamke, nimzalie. Huyo mama ndiye Kaveke."