Rangi ya Kompresa

Kompresa ya mtumba ilinguruma uani. Mota mpya aliyoifunga Shekue ilikuwa na nguvu hadi masufuria ukutani yakagongana. Alitazama geji. Mshale ulishapita alama nyekundu, lakini valvu ya usalama, iliyopaswa kutoa upepo ukizidi, ilikuwa kimya.

Ndipo alipoona. Jana alilipaka tangi rangi ya buluu, mara mbili, lipendeze machoni pa wateja. Na valvu akaipaka, rangi ikaziba tundu lake. Mtu mzima na akili zake!

"Mama Nuru! Zima umeme wa nyumba nzima!"

Mota ikanyamaza. Mshale haukushuka.

"Nimezima," mkewe alijibu kutoka ndani. "Kuna nini?"

"Usije huku. Mchukue mtoto, mtokee mlango wa mbele."

"Na wewe, Baba Nuru?"

Koki ya kutolea upepo ilikuwa chini ya tangi, na hakukuwa na mtu mwingine wa kuifungua. Alilala kifudifudi, akatambaa, akanyoosha mkono.

Juu yake, pale kwenye valvu, ngozi ya rangi ya buluu ilianza kuvimba taratibu, kama bablishi mdomoni mwa mtoto.