Alama ya Tano

Zamu ya kusoma ilimwangukia Atupele wiki ileile ya kushona sare za shule, meza imejaa vitambaa. Sheria haikujali. Hakuna dawa iliyouzwa kabla ripoti ya majaribio yake haijasomwa na raia aliyepatikana kwa kura, naye akaipa alama tano kamili.

Ripoti aliyopewa, ya dawa ya presha, ilikuwa safi. Wagonjwa waligawanywa kwa bahati nasibu, na kompyuta ndiyo iliyopanga. Daktari hakujua nani anameza dawa na nani anameza kidonge kitupu. Mgonjwa naye hakujua. Alama nne alizitoa bila kusita. Ya tano ilikuwa ya waliojitoa: wangapi, na kwa nini. Ripoti ilisema kumi na tisa, basi.

"Mama, hawa wa dawa ya presha walifanyia majaribio hapahapa Rungwe. Nikiwanyima alama moja, watu watasubiri dawa mwaka mzima."

Mama yake alikuwa akimenya ndizi. "Waliojitoa wangapi?"

"Kumi na tisa."

"Mmoja ni mimi."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliona aibu, mwanangu, kama nimewaharibia kazi. Kila nikimeza kidonge chao, kizunguzungu. Siku moja nikaanguka kando ya kisima, nikaacha kwenda kliniki kwao. Hakuna aliyekuja kuniuliza."

Atupele aliacha kisanduku cha tano kitupu. Chini yake akaandika: "Mmoja nimempata, yuko jikoni kwangu. Watafuteni kumi na wanane waliobaki, muwaulize."

Mama alifuta mikono. "Wakija," alisema, "wasije na haraka."