Ndege Njema

Mzee Chambuso hakuwa na mke tena, hakuwa na miwani ya kumfaa, wala hakuwa na neno la kumwandikia bintiye Salha, aliyeolewa mbali bila radhi ya babaye. Siku ya kuagana alimwambia, "Safari hii haina heri. Ina ndege mbaya." Mwaka ulipopita Salha akamtumia baba yake kisanduku, na ndani mlikuwa na ndege ndogo ya umeme, ya kuongozwa kwa rimoti.

Asubuhi moja mzee aliirusha kwa mkono uwanjani. Ikapanda ikivuma kama nyuki, upepo ukaichukua hadi nyuma ya mapaa ya soko.

"Imekwenda hiyo, shemeji," akasema jirani yake, Bi Zaituni. "Hairudi, kama mwanao."

"Nyamaza, itakusikia."

Akakivuta kijiti cha rimoti. Ikachomoza juu ya mnara wa maji, ikageuka polepole, ikatua miguuni pake.

Jioni aliandika karatasi nzima, akaichana. Kwenye nyingine akaandika maneno mawili tu: "Ndege njema." Akalamba gundi ya bahasha, akaibana kwa kiganja, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta. Mkono wake ukabaki hewani, kama asubuhi alipoirusha ndege.