Mkono wa Kunawisha

Zamzam aliingia dukani na birika la kunawia lenye maji na beseni lake, akasema anataka mkono wa roboti, ule wa kuunga mwenyewe nyumbani.

"Chukua huu wa chuma, dada," alisema Nassibu, mwenye duka. "Unanyanyua hata tofali."

"Baba yangu hanyanyui matofali. Kazi yake ni kunawisha wageni. Tangu mikono ianze kumtetemeka, hakaribishi mtu."

Nassibu akaubonyeza ule wa chuma uliokuwa umeungwa kwa maonyesho. Ukalikamata birika, ukaliinamisha kwa nguvu, maji yakamrukia kifuani.

Zamzam akanyoosha kidole kwenye mkono mdogo wa plastiki, nao umeungwa kwa maonyesho.

"Huo hauwezi birika lililojaa," alisema Nassibu.

"Nusu inatosha. Mgeni haji kuoga."

Zamzam alipunguza maji mwenyewe. Mkono mdogo ukainama taratibu, kama mtu mwenye adabu zake, na maji yakateremka membamba. Nassibu, bila kuambiwa, akakinga viganja juu ya beseni, akanawa hadi vidoleni.

Maji yalipokatika, akabaki ameinua mikono iliyolowa, macho yakitafuta sinia la wali.