Mkono wa Mbwana

Kila aliyekwenda kufanya kazi mbali alikuwa na haki moja: kula chakula cha jioni nyumbani kwake. Laptopu iliwekwa mezani, nayo ikamchora kwa mwanga kitini pake, akimega na kupiga soga na watu wake.

Salha na mama mkwe wake, Bi Mwanakombo, walikula hivyo na Mbwana, mumewe Salha, tangu aondoke. Salha hakuacha kumwekea bakuli la mchuzi upande wa kushoto, japo hakuweza kuligusa.

Kisha chipu ya picha ikaanza kuugua. Mbwana akawa anatoka na mistari ya kijani, mara mdomo umepanda kwenye paji la uso. Laptopu ya bei ya kiwanja, lakini mpaka uifunge blanketi ipate joto ndipo mume aonekane!

Fundi Kessy aliing'oa chipu, akaweka mpya. "Hii hodari, dada. Hata mtandao ukikatika, itamchora yenyewe. Wala hamtajua."

Jioni ile Mbwana aliketi safi kama aliyetoka kuoga. Akasema bismillahi, akamega tonge kwa mkono wa kulia.

Salha akasita. Mumewe alikuwa mashoto. Mama yake alimchapa vidole utoto mzima mpaka akachoka mwenyewe.

Bi Mwanakombo machozi yalimlengalenga kwa furaha. "Umeona, mwanangu? Hatimaye amenisikia."

Salha alimtazama mkwewe, kisha kile kiti.

"Nimeona, mama," akasema, akalihamishia bakuli upande wa kulia.