Bega la Saa Kumi na Mbili na Nusu

"Taratibu, mama! Unachua au unakanda unga?"

"Ningekuwa nakanda unga, mwishowe ningepata cha kula," fundi cherehani alimjibu mumewe, akazidi kumkandamiza dole gumba begani. "Mtu mzima na mvi zako, umekwenda kushindana na vijana. Haya, leo umenyanyua nini? Kijiko?"

"Kilo arobaini."

"Arobaini! Na juzi kifuniko cha chupa kilikushinda."

Mume akacheka huku akiugulia. Alikuwa karani wa bohari, amestaafu mwaka uliopita. Enzi za ujana alinyanyua vyuma kweli. Picha ilikuwepo sebuleni, kifua mbele kama jogoo. Mwezi mmoja na nusu nyuma alitangaza kwamba anarudi jimu, na siku hiyohiyo akarudi nyumbani ameshika bega, uso umesawijika. Tangu hapo, kila jioni saa kumi na mbili na nusu, alivua fulana na kuketi kwenye kiti kifupi karibu na cherehani. Mkewe akafungua chupa ya dawa ya kuchua, na mdomo pia.

Mdomo huo ulikuwa na mengi. Aliisema bukta ya bluu, iliyomfanya mzee aonekane kama mwanafunzi aliyerudia darasa miaka hamsini. Alikisema kitambi. Akimalizana naye, aliwahamia wateja: bibi harusi aliyenenepa wiki moja kabla ya arusi, mwalimu aliyetaka mifuko hata kwenye nguo ya kulalia. Mzee aliguna, akacheka, akauliza, "Ikawaje?" Kabla ya bega hilo walikuwa wakiishi kama wapangaji wawili. Watoto walishaondoka, na mazungumzo ya siku nzima yalikuwa "Umefunga mlango?" na "Nimefunga."

Ila fundi hakuwa mjinga. Miaka thelathini ya kupima viuno vya watu wanaobana pumzi ilimfundisha kumtambua mwongo. Fulana ya mazoezi ilirudi imelowa, lakini haikunuka jasho hata chembe. Na jioni moja likauma bega la kushoto.

"Jana si lilikuwa la kulia?"

"Limehamia."

"Limehamia! Kwani limepandishiwa kodi?"

Alicheka, lakini jambo lilimkaa vibaya rohoni. Mwanamume anatoka mkavu, anarudi ameloa, hana harufu ya jasho. Anaoga kwa nani? Usiku ule alimtazama mzee akikoroma, mdomo wazi. Na huyo mwanamke naye, aliwaza, wanaume wamejaa mji mzima, akaokota hiki?

Kesho yake alifunika cherehani mapema. Akavaa viatu vyake vya kutokea, ili huyo mwanamke amwone vizuri.

Jimu ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la rangi, kinanuka mpira na kwapa. Wanaume wazima walikuwa wakijitazama kwenye vioo kama wanawali. Kocha, mwenye shingo pana kuliko kichwa, alikuja akijifuta mikono.

"Namtafuta mume wangu. Mzee, bukta ya bluu, bega bovu."

Kocha akafikiri. "Aa, yule! Alikuja siku moja tu, mama. Nilimwambia aanze na chuma kitupu, misuli iliyolala miaka mingi haiamshwi kwa pupa. Akang'ang'ania uzito wa ujana wake. Bega likalia ko! Nikamwambia apumzike wiki mbili, halafu tuanze upya, kidogo kidogo. Sijamwona tena."

Fundi alitoka nje kwa hasira, na hakuhitaji kwenda mbali. Ng'ambo ya barabara, kwenye benchi la kinyozi, mumewe alikuwa ameketi, begi mapajani, anatazama saa. Fundi akajibanza nyuma ya nguzo, karibu na muuza magazeti.

"Yule mzee anamngoja nani?"

"Mwanamke," muuza magazeti alijibu bila kuinua macho. "Kila siku. Ananunua gazeti, anakaa pale saa nzima."

"Mwanamke gani?"

"Mke wake. Saa kumi na mbili na nusu ndipo huzungumza naye. Nikamuuliza, kwani hamkai nyumba moja? Akasema, tunakaa, ila nilipokuwa mzima mke wangu alikuwa hasemi nami."

Ng'ambo kule mzee aliinuka. Akaenda kwenye bomba la kinyozi, akajimwagia maji kichwani na kwenye fulana. Akajitazama kwenye kioo cha dirisha, akashika bega, akakunja uso. Hakuridhika. Akaukunja tena.

Fundi akakatiza kichochoroni, nusu anatembea, nusu anakimbia.

Mzee alipofika alimkuta ameketi kwenye cherehani, anahema, hashoni kitu.

"Leo limezidi," alisema, akavua fulana na kuketi.

Mkewe alimimina dawa viganjani, akaanza kumchua polepole, bila neno, na kimya hicho kikamtisha mzee kuliko masimango yote ya mwezi na nusu.

"Nimepita kwa kocha wako," alisema mwishowe.

Bega likawa gumu kama ubao chini ya vidole vyake.

"Shingo nene, akili nyembamba. Eti bega kama hili, likichuliwa kila jioni bila kukosa, haliponi chini ya miaka kumi."