Kwenye Kamba ya Nanga

Irakoze alikuwa akielea kifudifudi, akicheka ndani ya mrija wa kupumulia, alipomwona rafiki yake chini kabisa, ameketi juu ya jiwe.

Walikuwa walimu watatu kutoka Kasulu, wamekuja kupumzika ziwani Tanganyika. Tangu asubuhi rafiki huyo alikuwa akiwavunja mbavu kwa vituko, na Irakoze alidhani hiki ni kimojawapo.

Samaki wa manjano akapita karibu kabisa na jicho la rafiki yake. Halikupepesa. Mdomo ulikuwa wazi, na hakuna povu lililotoka.

Irakoze akainua kichwa. "Jaketi lake la kuokolea liko wapi?"

"Kalivua," mwenzao akajibu kutoka kwenye boti, akimenya chungwa. "Anasema linambana. Kwani vipi?"

Mwenye boti alikuwa ufukweni akichoma samaki aina ya migebuka. Irakoze akafungua jaketi lake mwenyewe.

"Mana yanje! Mungu wangu! Wewe hujui kuogelea!" mwenzao akapiga kelele.

Akavuta pumzi, akaishika kamba ya nanga, akashuka nayo mkono baada ya mkono, masikio yakimuuma.

Mkono wa rafiki yake ulikuwa mlegevu. Kisha vidole vikajikunja, polepole, vikamshika. Alikuwa bado hai.